Vivuli vya Kikundi cha Konyri

Alhamisi ile Phelesia alifika uwanjani kabla ya wenzake. Alinyunyiza maji kwenye vumbi, akafagia makapi ya mahindi yaliyoletwa na upepo kutoka kwenye kinu cha posho. Uwanja wenyewe ulikuwa kipande tu cha udongo mwekundu nyuma ya kinu hicho, pale Kosele, na mwenye kinu, Mkisii mmoja aliyeitwa Kerosi, aliwaruhusu akina mama wa Konyri wafanyie mazoezi hapo mradi wasizibe mlango wa wateja. Jua lilipoanza kulala Kerosi alizima injini ya kinu. Akina mama wakaja mmoja mmoja, sketi za katani begani, wakizungumza habari za mazishi ya Helen waliyoyahudhuria Jumamosi iliyotangulia. Walisema wali haukutosha. Walisema mchungaji alihubiri vizuri.

Konyri kilikuwa kikundi cha dodo, ile ngoma ya wanawake wa Kijaluo ambapo mmoja huimba na wengine humpokea, mabega yakitetemeka na katani ikivuma kiunoni. Phelesia ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Helen alikuwa akisimama nyuma yake tangu kikundi kianzishwe, na sauti yake nzito ndiyo iliyokuwa ikiubeba wimbo pale sauti ya Phelesia ilipochoka.

Walijipanga, wakaacha nafasi ya Helen wazi kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuijaza. Phelesia akaanza. Alipogeuka kwenye kiitikio aliona kivuli kimelala chini mahali pale, kirefu kwa jua la alasiri, kiuno kipana, kichwa kimeinama upande mmoja kama alivyozoea Helen. Mwenye kivuli hakuwepo. Kivuli kilikuwa kinacheza.

Risper, aliyekuwa wa tatu kwenye mstari, alirudi nyuma kidogo ili asikikanyage.

"Amechelewa," Risper alisema.

"Amefika," Phelesia akajibu, wakaendelea na wimbo.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne, karibu na mwisho. Baada ya Helen alikufa Mokeira, aliyeolewa Kosele kutoka Kisii na ambaye alijifunza dodo mpaka akawashinda wenyewe. Kisha akafa Roselyn, mke wa marehemu mwana wa Mwalimu Fanuel. Kisha wengine. Kila aliyezikwa Jumamosi, kivuli chake kilikuja mazoezini Alhamisi iliyofuata na kusimama katika nafasi yake ileile. Vivuli havikuimba wala kutimua vumbi. Vilicheza tu, barabara, na sketi zao zilionekana pale ardhini mpaka uzi mmoja mmoja wa katani.

Watu walizoea. Kerosi aliwakataza wateja wake kuegesha baiskeli upande ule siku ya Alhamisi. Akina mama waligundua kwamba wingu likipita kikundi hupungua ghafla, na likiondoka hurudi kama kilivyokuwa, kwa hiyo hawakusimamisha wimbo kwa ajili ya wingu. Waligundua pia kwamba saa sita mchana haifai, kwa maana vivuli hujikunja vikawa madoa madogo ya kuhurumiwa, vikihangaika kama kuku waliofungwa miguu. Mazoezi yakabaki kuwa ya jioni. Wakati wa mvua za masika walipumzika.

Jamaa za marehemu walikuja pia. Walikaa pembeni ya uwanja, kila mmoja karibu na mtu wake, wakimenya njugu na kueleza habari za nyumbani: ng'ombe aliyezaa, ada ya shule, paa linalovuja. Mwalimu Fanuel alikuja mara moja moja. Alisimama mbali na kivuli cha Roselyn, kama inavyompasa baba mkwe, akavua kofia, akaenda zake.

Juu ya kilichowaua, kila mazishi yalikuwa na maneno yake, na maneno yenyewe yalikuwa yaleyale. Aliugua kwa muda mfupi. Malaria iliyopanda kichwani. Kifua. Taifodi. Nyuma ya nyumba wazee walinong'ona kwamba ni chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata aliyevunja mwiko, na wakaanza kuhesabu miiko: nani alipanda mbegu kabla ya mkubwa wake, mjane gani alikataa kurithiwa. Vijana waliuita ayaki, wakicheka kidogo, kisha wakiacha kucheka. Redio iliuita Ukimwi, lakini redio ilizungumza habari za madereva wa malori na miji ya mbali. Kosele hakuna aliyewahi kufa kwa huo. Mume wa Phelesia mwenyewe alizikwa kwa taifodi, na Phelesia alikuwa ameitikia "amina".

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na sita alirudi Joyline, binti wa Helen. Alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne kule Oyugis, akaolewa Muhuru Bay na mwanamume mwenye mashua mbili, na kwa miaka mitatu alianika dagaa wa omena kwenye mawe ya ufukweni. Mume alikonda, akafa. Shemeji akaletwa amrithi. Joyline alikataa, akafunga nguo zake kwenye shuka, akambeba mtoto mgongoni na kurudi. Kwa kuwa binti aliyeolewa harudi kulala nyumbani kwa mamake, alipanga chumba sokoni, nyuma ya duka la mafuta ya taa.

Alhamisi ya kwanza alikuja uwanjani, akakaa chini karibu na kichwa cha kivuli cha mamake. Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akasogeza jiwe dogo lililokuwa limelala pale shavuni pake, akaliweka kando.

"Alikuwa ananisubiri?" alimwuliza Phelesia mazoezi yalipokwisha.

"Anakuja kucheza, nyathina, mwanangu," Phelesia alisema. "Kama kuna lingine hajaniambia."

Siku chache baadaye Mwalimu Fanuel aliwaita viongozi wa vikundi vyote vya ngoma kwenye darasa moja la shule ya msingi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya utamaduni, mtu wa koti la kijivu hata wakati wa joto. Aliwaeleza kwamba wageni wanakuja kutoka Amerika, waumini wa kanisa moja la watu weusi, ambao mababu zao walichukuliwa kutoka bara hili kwa minyororo. Kwao mwezi wa pili ndio mwezi wa kukumbuka historia ya mtu mweusi. Mwaka huu walitaka kuikumbukia huku. Sherehe ingefanyika Oyugis, uwanjani, na vikundi vingekuja mpaka kutoka upande wa Migori.

"Wakipendezwa," alisema Fanuel, "watatujengea ukumbi. Ukumbi wa historia na utamaduni. Hapahapa Kosele."

Kisha akasoma masharti. Kikundi chochote sharti kiwe na wanachama wasiopungua kumi. Mjumbe mmoja wa kamati akasimama, akasema kwa heshima kwamba Konyri wamebaki watu watatu, Phelesia, Risper na mama mmoja mzee aliyekuwa akipiga kayamba. Waliosalia ni vivuli. Palizuka mjadala. Wengine walisema kivuli hakiwezi kula chakula cha washiriki, kwa hiyo si mshiriki. Wengine walisema hiyo ndiyo sababu nzuri ya kukikubali. Fanuel aliishika ile karatasi mbali na macho, akaisoma tena.

"Kanuni inasema wanachama," alisema mwishowe. "Haikusema walio hai."

Konyri wakaandikwa.

Joyline alipopata habari hizo alimfuata Phelesia shambani, akamkuta anang'oa njugu. Aliinama, akaanza kumsaidia. Walikuwa wamemaliza tuta zima kabla hajasema lililomleta.

"Mama, dodo humtaja mtu."

"Ndiyo kazi yake."

"Ulimtaja chifu alipokula mabati ya shule. Ukamtaja shemeji yako alipompiga mkewe mbele ya watoto. Watu walicheka, lakini walisikia. Mbona hujawahi kukitaja kilichomuua mama?"

Phelesia alikung'uta udongo kwenye mizizi. "Kutaja ni kuita."

"Kimeshakuja bila kuitwa," Joyline alisema. "Pale Muhuru nimeona nyumba tano zimefungwa kwa kamba, upande mmoja wa njia. Kila moja malaria. Nimechoka na hiyo malaria."

Phelesia alihamia tuta lililofuata. Lakini usiku huo, na usiku uliofuata, maneno yalimjia na kujipanga yenyewe, na asubuhi ya tatu alijikuta anayaimba akikoroga uji. Risper, aliyekuja kuomba chumvi, alisimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho. Wiki hizo Risper alikuwa na mkanda wa jeshi. Vipele vilimzunguka mbavu, na alivaa gauni pana ili lisimguse.

"Uimbe, nyieka," alisema, kama wanavyoitana wake wa ukoo mmoja. "Lakini mimi uniweke mwisho."

Fanuel naye alikuja. Nani alimwambia haikujulikana; Kosele ni mahali padogo. Alikaribishwa kiti, akakaa ukingoni.

"Min Nicholas," alimwita Phelesia kwa jina la mwanawe, "wageni hawa wametoka mbali. Wanatafuta kitu cha kujivunia. Wakisikia habari za ugonjwa watatuonea huruma, kisha wataogopa kushika mikono yetu, kisha wataondoka."

"Na sisi tukisikia?"

"Sisi tunajua."

"Tunajua, Mwalimu, lakini hatujasikia."

Fanuel alizungusha kofia mikononi. Alisema kwamba alimzika mwanawe, akamzika na mke wa mwanawe, na mara zote mbili aliandika maneno ya kusomwa kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Hakusema aliandika nini. Aliomba maji, akanywa, akaaga.

Siku ya sherehe jua lilitoka safi. Oyugis palijaa tangu asubuhi. Kulikuwa na mahema mawili ya turubai, moja la wageni na moja la wakubwa. Watu wengine walikaa juani. Watoto wa shule walighani mashairi juu ya mtu mweusi na fahari yake. Mzee mmoja alikuna orutu, ule uzi wake mmoja ukalia kama mtu anayeulizwa swali. Maroa, Mkuria kutoka upande wa Migori, alipiga litungu lake kubwa la nyuzi, miguu ya wachezaji wake ikagonga ardhi mpaka vikombe vikatetemeka kwenye meza ya wageni. Wageni walikuwa watu wa makamo na wazee, wamevaa vitenge vipya vilivyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Walilia bila haya. Wengine walisimama wakacheza, na walicheza vizuri.

Konyri walipangiwa asubuhi, lakini afisa aliyekuwa mgeni rasmi alichelewa na ratiba ikavurugika. Saa sita ikafika. Kwenye ukingo wa uwanja vivuli, vilivyowafuata kutoka Kosele, vilikuwa vimejikunja chini ya jua, vikisubiri, na Joyline alivisimamia ili watu wasivikanyage. Afisa alipofika alisomewa ratiba na kuombwa aipunguze. Aliondoa hotuba ya muuguzi kutoka idara ya afya, ambaye alikuwa amekaa tangu asubuhi na bahasha ya picha mapajani. Afisa alisema leo ni siku ya furaha. Muuguzi akakunja bahasha, akaenda kutafuta gari la kurudi.

Kwa hiyo Konyri waliingia alasiri, na jua lilikuwa mahali pake hasa. Phelesia alitangulia. Nyuma yake ardhi ilijaa. Vivuli vilijinyoosha virefu kuliko walivyowahi kuwa wenyewe, mabega yakitetemeka kwa pamoja, vichwa vikifika mpaka kwenye viatu vya wageni chini ya meza. Risper alicheza mwisho wa mstari na gauni lake pana. Yule mama mzee alishika kayamba. Watu wa Kosele waliokuwepo walianza kuonyeshana watu wao kwa vidole: yule pale, yule wa kushoto, bado anatupa mguu vilevile.

Phelesia aliimba salamu kwanza, kama desturi. Kisha akabadilisha.

*Helen, binti wa Kabondo, nani amekulaza?*
*Wamesema malaria. Malaria gani hii inayomla mume,*
*ikafuta mdomo, ikasubiri mke aondoe matanga?*

*Mokeira, wamesema ulirogwa. Mchawi ana mashamba mangapi,*
*mbona anavuna Kosele, anavuna Kendu, anavuna Muhuru?*

*Roselyn, walisema umevunja mwiko.*
*Wewe hata kuku hukumfukuza kwa jiwe.*

*Ni Ukimwi, wenzangu. Ulilala kitandani mwangu pia.*
*Nilimzika mwanamume na uongo juu yake kama blanketi.*

Aliimba kwa Kijaluo, kila neno likisikika, na alirudia ubeti wa mwisho mara mbili kama dodo inavyotaka. Mwanamke mmoja alifungua kitambaa chake cha kichwa na kukifunga tena. Mchungaji aliyewazika wengi wao alikuwa anatazama kiatu chake. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga vigelegele, na hakuna aliyeondoka. Vivuli vilikuwa vinacheza tu.

Wageni waliona kwamba limesemwa jambo zito, wakamgeukia Fanuel. Alikuwa ndiye mkalimani. Alikwenda kwenye kipaza sauti, akakigonga, akakohoa. Kisha akawaambia, kwa Kiingereza chake kizuri cha ualimu, kwamba mama huyu ameyaita majina ya wahenga. Kwamba hawa wanaowaona ardhini ni wale waliopotea zamani, zama za minyororo na mashua, na kwamba leo wamerudi kucheza na watoto wao waliotoka ng'ambo.

Kiongozi wa wageni alikuwa mama wa miaka sabini hivi, aliyejitambulisha asubuhi kwa jina la Lorraine. Aliinuka, akaizunguka meza, akapiga magoti vumbini na kitenge chake kipya. Aliweka kiganja juu ya kichwa cha kivuli kilichokuwa karibu naye. Kilikuwa cha Helen. Kivuli hakikusogea. Mama Lorraine alilia kimyakimya, machozi yakaingia kwenye udongo pale.

Joyline alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, mtoto mgongoni. Kiingereza alikijua. Alikwenda akapiga magoti upande wa pili.

"Huyu ni mama yangu," alimwambia kwa Kiingereza. "Alikufa juzi tu. Namjua."

Mama Lorraine alimtazama usoni, akamvuta kifuani pamoja na mtoto wake.

"Ndiyo, binti yangu," alisema. "Ni mama yangu pia. Ni mama yetu sote. Ni kama juzi tu."

"Hapana, mama. Aliugua. Ni huu ugonjwa. Mwimbaji ameutaja."

"Aliteseka," mama Lorraine alisema. "Najua aliteseka. Mama wa bibi yangu aliuzwa akiwa mdogo kuliko wewe, na hakuna aliyelihifadhi jina lake. Wewe una bahati, unalijua jina la wako. Niambie anaitwaje."

"Helen," Joyline alisema.

"Helen," mama Lorraine alirudia, akasimama, akawageukia wenzake wote akalitangaza jina hilo kwa sauti, nao wakalitamka pamoja, kama kanisani. Walilisema vizuri. Machozi yao yalikuwa ya kweli. Joyline alibaki amepiga magoti, na alipotafuta maneno mengine hakuyapata, kwa sababu mama yule alikuwa amempa kila kitu alichokuwa nacho isipokuwa masikio.

Konyri wakapewa nafasi ya kwanza. Zawadi ilikuwa sufuria kubwa na kombe lenye masikio mawili. Risper alilibeba kombe lile, akakaa nalo chini ya kivuli cha hema, akasema ni jepesi.

Wakati watu wanatawanyika Fanuel alimkuta Phelesia anakunja sketi yake.

"Nilisikia," alisema. "Nataka ujue kwamba mimi nilisikia."

"Ukawaambia nini wageni?"

"Kile walichokuja kutafuta."

"Na Roselyn alikuwa amelala pale miguuni pako."

Fanuel alivaa kofia yake. "Roselyn alikuwa mtu wa kusamehe," alisema.

Phelesia alikuwa amedhani kwamba baada ya kutajwa vivuli vingepumzika. Hakumwambia mtu, ila Alhamisi iliyofuata alifika uwanjani amechelewa makusudi, ili kama hapana kitu asiutazame uwanja mtupu kwa muda mrefu peke yake. Vilikuwepo. Vilikuwa vimejipanga mstarini vikimngoja. Alisimama kidogo, akachukua kopo akanyunyiza maji kwenye vumbi.

Sokoni watu walimsifu. Walisema sauti yake siku ile Oyugis ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Walisema kombe limeiletea Kosele heshima. Juu ya ubeti wa mwisho hakuna aliyesema neno, ila mwanamke mmoja wa mboga alimwongezea fungu la sukuma bila kuombwa, akamshika mkono kidogo zaidi ya kawaida, kisha akamhudumia mteja aliyefuata.

Mvua za masika zilipoanza Risper alilala. Phelesia alimpelekea uji, akamgeuza ubavu ulipouma. Zahanati ilikuwa na vidonge vya maumivu siku za mwanzo wa juma. Baada ya hapo ilikuwa na bango tu ukutani. Risper alikufa mvua ikinyesha, na mchungaji, aliyekuwepo Oyugis, aliyeusikia wimbo wote kwa masikio yake, alisoma kwamba dada yetu aliugua kwa muda mfupi. Phelesia alingoja siku ya jua. Ilipopatikana, Risper alikuwa mwisho wa mstari, na kivuli cha gauni lake kilikuwa kipana vilevile.

Ukumbi ulijengwa mwezi wa nane. Wageni walitimiza ahadi yao, tena kwa haraka. Ulikuwa jengo zuri la matofali, paa la mabati mapya, sakafu ya saruji, na ukutani picha kubwa iliyopigwa siku ya sherehe: mama Lorraine amepiga magoti, na mbele yake kivuli cha mwanamke mwenye kiuno kipana. Chini ya picha yaliandikwa maneno ya Kiingereza yanayosema wahenga wanacheza nasi. Fanuel aliwakabidhi Konyri ufunguo wa kwanza. Phelesia na mama wa kayamba waliingia wakaimba humo mara moja. Jua halikuingia ndani. Walisikiliza sauti zao mbili zikipiga bati na kurudi, wakafunga mlango, wakarudi nyuma ya kinu.

Ilikuwa huko nyuma ya kinu, Alhamisi moja ya mwisho wa mwaka, ambapo Joyline alikuja na sketi ya katani ya mamake mkononi. Alisema amechoka kukaa pembeni. Alisema wimbo anaujua wote. Alimtua mtoto mgongoni na kumweka chini kwenye shuka, karibu na mlango wa Kerosi, akampa gunzi la mahindi achezee.

"Nifunge, mama," alisema.

Phelesia alichukua kamba za sketi, akazizungusha kiunoni mwa Joyline. Ilibidi azizungushe tena. Helen alikuwa mtu mpana, na Joyline aliyerudi kutoka Muhuru mwanzo wa mwaka alikuwa mwembamba, lakini si hivi. Phelesia alikuwa ameinama, anatafuta mahali pa kutia fundo, alipoona kwamba pale chini, miguuni pa Joyline, ardhi ilikuwa nyeupe kwa jua. Hapakuwa na kivuli.

Alitazama kwenye mstari. Kilikuwa kimeshafika. Kilisimama nyuma ya kile cha Helen, chembamba, kikijaribu mabega.

Kabla ya kusema lolote Phelesia aligeuka akamtazama mtoto. Kivuli cha mtoto kilikuwa chini ya mtoto, kifupi, kimeshika gunzi. Akakitazama tena kuhakikisha.

"Kimenitangulia," Joyline alisema. Naye alikuwa anatazama mstari. "Tangu Jumapili. Nilitoka kanisani, chenyewe kikawa kimeshika njia ya huku."

"Nenda Homa Bay, nyathina. Hospitali kubwa. Watakupima."

"Halafu?"

Phelesia alivuta fundo likakaza. Alikuwa ameimba mbele ya afisa na wageni na umati wa Oyugis, na sasa alitafuta neno moja la kumpa msichana huyu.

"Halafu utajua," alisema.

"Najua, mama."

"Mtoto naye apimwe."

"Nitampeleka."

Kerosi alizima injini. Mama mzee akaitikisa kayamba mara moja, kujaribu. Phelesia alisimama mbele akaanza, na kwenye kiitikio Joyline akapokea kwa sauti nzito ambayo Phelesia hakujua kama anayo. Alitembea mpaka kwenye mstari, akasimama palepale kilipokuwa kivuli chake, nyayo juu ya nyayo, na mtu aliyepita barabarani wakati huo na ndoo yake ya mahindi asingeona kasoro yoyote.